Uzi kwa wanaoenda London mara ya kwanza: nauli, hela, baridi na pa kuanzia

#1

Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike anasafiri kwenda London mwezi ujao, hajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, na wiki nzima hii namtumia voisi moja baada ya nyingine mpaka nikaona bora nikae chini niandike kitu kimoja kilichonyooka na wengine wafaidike. Mimi nilikaa kule wiki tatu Novemba 2024, nilifikia kwa binamu yangu anayeishi kusini mwa mto Thames. Bei nitakazotaja ni za wakati ule, ongeza kidogo kwenye hesabu zako.

Watu wengi wanarudi wanasema London ghali na kweli ghali, lakini ukikaa nao ukawauliza hela imeishia wapi, unakuta kipande kikubwa kimekwenda kwenye taksi, treni za haraka haraka na viingilio vya vitu ambavyo hata hawakuvifurahia, kwa sababu walitaka kumaliza mji mzima kwa siku nne. Ule mji ukiugawa kwa mitaa, leo upande huu kesho upande ule, ukatembea kwa miguu na ukapanda basi, unabebeka kabisa. Hilo ndilo nataka mdogo wangu alishike, mengine yote yanatokana na hapo.

Viza kwanza. Uingereza haimo kwenye Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), ukiwa na viza ya Schengen ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi London hata kama treni kutoka Paris ni masaa mawili na kitu. Watanzania, Wakenya, Waganda wote tunaomba viza ya matembezi ya Uingereza yenyewe. Karatasi zako (barua ya mwenyeji au hoteli, tiketi ya kurudi) weka kwenye begi la mkononi, usizitie kwenye begi kubwa, maana afisa wa uhamiaji unakutana naye kabla hujachukua mzigo. Anauliza unakuja kufanya nini, unakaa kwa nani, unarudi lini. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli.

Kwenye mzigo usibebe nyama wala maziwa, hata kama bibi kakukaushia mwenyewe, vitu vya nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi. Na ndugu zangu wa Nairobi na Meru, mirungi imepigwa marufuku kule tangu 2014, ni dawa ya kulevya kisheria, usikubali kumbebea mtu mfuko ambao hujaufungua.

#2

Asante sana mkuu, nafuatilia. Ukifika uwanja wa ndege wa Heathrow unatokaje pale? Jamaa yangu alilipa taksi karibu laki tatu na nusu ya kwetu.

#3

Swali zuri, na ndipo hela ya kwanza inapopotea. Heathrow iko nje kabisa magharibi mwa mji na taksi mpaka katikati inaweza kuzidi pauni 60. Una njia tatu za treni. Kuna ile ya haraka, Heathrow Express, dakika 15 uko stesheni ya Paddington lakini ilikuwa pauni 25. Kuna Elizabeth line, mpya, ilifunguliwa 2022, safi, ina nafasi ya mabegi, nusu saa na kidogo uko katikati, ilizidi pauni 12. Halafu kuna Piccadilly line, ile ya bluu iliyokoza kwenye ramani, ya zamani, mabehewa madogo, inachukua kama saa nzima lakini haikufika hata pauni 6. Mimi nilipanda hiyo ya mwisho nikiwa na begi moja na sikuona tatizo. Mtu mwenye mabegi mawili na mtoto apande Elizabeth line, kwa ile tofauti ya hela ananunua raha.

Sasa namna ya kulipa, hapa soma taratibu. Huhitaji kununua tiketi ya karatasi. Unagonga kadi yako ya benki yenye ile alama ya mawimbi kwenye geti, linafunguka, na ukitoka unagonga tena. Treni unagonga kuingia NA kutoka. Basi unagonga mara moja tu unapopanda. Jumla ya siku ina kikomo, mwaka ule kwa kanda ya 1 na 2, yaani katikati ya mji, ukishafika pauni 8.50 safari zote zinazofuata siku hiyo hukatwi tena, na ukitumia mabasi peke yake kikomo kilikuwa pauni 5.25.

Kosa nililofanya mimi siku ya pili: asubuhi niligonga na simu, jioni simu ikaishiwa chaji nikagonga kadi yenyewe kutokea. Kadi ni ile ile, akaunti ile ile, lakini mashine inaiona simu kama kadi nyingine. Ikahesabu watu wawili, mmoja aliingia hakutoka, mwingine alitoka bila kuingia, wote wakakatwa nauli ya juu kabisa. Chagua kimoja, simu au kadi, ukae nacho mpaka unaondoka. Na kila mtu awe na kadi yake, mume na mke hamwezi kugongea kadi moja kwenye treni.

Kama benki yako ya nyumbani ina makato makubwa ya kutumia kadi nje, nunua Oyster pale stesheni, ni kadi ya usafiri unaitia hela kama unavyoweka vocha, nauli ni zile zile.

#4

Mabasi yao vipi, yana konda?

#5

Hayana konda na hayapokei hela taslimu kabisa, tangu 2014. Unasimama kituoni, ukiona basi lako linakuja unanyoosha mkono, unapanda mlango wa mbele, unagonga kadi, unamsalimia dereva, basi. Ukitaka kushuka unabonyeza kitufe chekundu, hakuna "shusha".

Mimi basi ndiyo nalipenda kuliko vyote. Nauli ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ulipogonga mara ya kwanza unaweza kupanda basi jingine na jingine tena bila kukatwa. Panda juu, kaa kiti cha mbele kabisa mbele ya kile kioo kikubwa. Basi namba 15 kutoka Trafalgar Square linakupitisha Fleet Street, unaliona kanisa kuu la St Paul's linakuja mbele yako na kuba lake, halafu linakushusha karibu na Tower of London, pauni moja na senti 75. Yale mabasi ya watalii yasiyo na paa yanauza tiketi kwa bei inayozidi hiyo mara kadhaa na barabara ni zile zile.

Treni za chini kwa chini zina kazi yake, umbali mrefu, lakini ramani yake inadanganya macho. Imechorwa ionekane nadhifu, haikuchorwa kwa umbali. Leicester Square na Covent Garden kwenye ramani unaona ni stesheni mbili, ukishuka ngazi, ukasubiri treni, ukapanda ngazi, umelipa nauli nzima kwa umbali usiofika mita 300. Tembea. Kabla hujapanda treni yoyote pale katikati angalia kwenye simu ni dakika ngapi kwa mguu.

Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wanaokimbilia kazini, na hawana masihara asubuhi. Ikiwezekana usiingie kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, wala kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku. Msongamano wake unafanana na mabasi ya mwendokasi ya Kimara kule Dar saa kumi na mbili asubuhi, tofauti hakuna anayeongea.

#6

Bro naomba utuambie kuhusu hela, nibebe cash kiasi gani?

#7

Kidogo sana. Karibu kila mahali ni kadi, na sehemu nyingine, mikahawa na vibanda vya kahawa, wameandika kabisa mlangoni hawapokei hela taslimu. Mimi nilikuwa na pauni 100 mkononi na nilirudi na nusu yake.

Ila nisikilizeni kwenye hili. Shangazi yangu aliishi kule zamani, siku naondoka akanipa bahasha ina noti tatu za pauni 20, za karatasi, amezihifadhi kwenye kabati miaka, kanikunjia vizuri na dua juu. Nimefika dukani, kijana wa kaunta kaigeuza mara mbili kanirudishia kwa adabu, akasema hizi hazitumiki tena. Noti zao zote sasa ni za plastiki, zile za karatasi za 20 na 50 zilikoma kutumika madukani mwisho wa Septemba 2022. Hela haijafa lakini, Benki Kuu yao yenyewe, Bank of England pale Threadneedle Street, inabadilisha noti zake zote za zamani, unakwenda na kitambulisho. Nilikwenda, nikapanga foleni, nikabadilishiwa. Nilivyomwambia shangazi kwa simu alifurahi mno. Kwa hiyo ukipewa pauni na mtu wa zamani, zipapase kwanza.

Na mashine ya kadi ikikuuliza unataka kulipa kwa shilingi au kwa pauni, chagua pauni kila mara. Ukichagua shilingi wanakupigia kiwango chao na kinakuumiza.

Kuhusu soketi, furaha kwetu: ni zile zile za miguu mitatu bapa. Chaja yako ya Dar, ya Nairobi, ya Kampala inaingia moja kwa moja, usiuziwe adapta uwanja wa ndege.

#8

Kwa sisi tunaotoka Bujumbura na Goma adapta ni lazima, soketi zetu ni za pini za mviringo. Na barabara pia, sisi magari yanapita kulia, kule yanapita kushoto. Mimi nilitaka kugongwa siku ya kwanza kabisa kwa kuangalia upande usio. Chini barabarani wameandika kwa herufi kubwa uangalie upande gani, mseme na watoto wasome kabla ya kuvuka.

#9

Asante sana ndugu, hilo nisingelikumbuka.

Acha niseme kuhusu wizi. London haitishi, nimetembea usiku bila wasiwasi, lakini simu zinaporwa na zinaporwa mchana kweupe. Niliona kwa macho karibu na Oxford Circus: dada amesimama ukingoni mwa barabara, simu mkononi usawa wa kifua anatafuta njia kwenye ramani, jamaa kavaa nyeusi juu ya baiskeli ya umeme akapita kimya kama upepo, mkono mmoja tu, simu imekwenda. Yule dada alibaki ameshika hewa, vidole bado vimekunja vile vile. Hakupiga hata kelele. Ukitaka kuangalia ramani geuka, egemea ukuta au ingia mlango wa duka, usisimame upande wa magari. Ndiyo ushauri ninaomrudia mdogo wangu kila siku.

Na kwenye daraja la Westminster, pale pale unapopigia picha Big Ben, utakuta watu wamezunguka mkeka wanacheza vikombe vitatu na kipira. Ni karata tatu ile ile ya Kariakoo. Wanaoshinda ni wenzao, na wakati umeinama kuangalia kuna mwenzao mwingine nyuma yako. Pita.

Namba ya dharura ni 999. Ukiumwa na si hatari ya maisha, piga 111.

#10

Assalam alaykum kaka. Nauliza kutoka Mombasa, twenda mimi na mama watoto na wana wawili, wa miaka tisa na wa minne. Chakula cha halali chapatikana? Na swala?

#11

Waalaykum salaam kaka, karibuni sana. Halali ni tele, hamtapata shida hata siku moja. Whitechapel upande wa mashariki ni Wabengali, biriani na kebabu kila hatua, na msikiti mkubwa wa East London uko pale pale barabarani. Edgware Road ni Waarabu. Katikati ya mji kuna msikiti wa Regent's Park wenye kuba la dhahabu, una sehemu ya kina mama. Mkitamani chakula cha kwetu nendeni masokoni Brixton, Peckham au Ridley Road kule Dalston, mtaona ndizi, mihogo, bamia, magimbi, unga, samaki wakavu. Binamu yangu ananunua unga wa ugali Brixton na siku ya kwanza alinipikia kwa sukuma wiki, nilikula huku mvua inagonga dirisha na nikasahau kama niko ugenini.

Swala angalieni saa kwa programu ya simu, msikadirie kwa jua. Katikati ya Novemba Magharibi inaingia saa kumi na dakika kumi hivi jioni, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana karibu karibu. Juni ni kinyume, jua linazama saa tatu na zaidi usiku. Na choo cha kule hakina maji ya kutawazia, bebeni kichupa chenu kwenye begi kila mnapotoka.

Wana wote wawili hawalipi, chini ya miaka 11 treni na basi ni bure wakiwa na mkubwa. Wapelekeni Natural History Museum, bure kuingia, mkifika ukumbi mkubwa mwambie yule wa miaka tisa ainue macho: mifupa ya nyangumi wa bluu, mita 25, imening'inia juu kama inapiga mbizi kuwajia. Makumbusho yale yaliwahi kutuma watu kuchimba mifupa ya mijusi ya kale (dinosaria) Tendaguru kule Lindi kuanzia 1924, baada ya Wajerumani kuchimba kwanza na kuuchukua ule mkubwa ulioko Berlin. Halafu jirani tu kuna Science Museum, bure pia.

Siku nyingine wapandisheni DLR, treni isiyo na dereva, wakae mbele kabisa waone reli inavyowajia, mshuke Cutty Sark mkaingie Greenwich. Pale kwenye kilima ndipo mstari unaogawa mashariki na magharibi ya dunia. Juu ya paa la jumba la nyota kuna tufe jekundu, linapanda kidogo kidogo na saa saba kamili mchana linadondoka, kila siku, tangu 1833, mabaharia walikuwa wanasawazishia saa zao. Saa zetu zinahesabiwa kutoka hapo, sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumewatangulia masaa matatu wakati wa baridi na mawili kipindi cha joto. Mkishuka mtoni kuna njia ya miguu chini ya mto Thames, ya 1902, mnavuka ng'ambo bila kulipa chochote.

#12

Mkuu naomba vitu vya bure vingine, na je kuna sehemu inayotuhusu sisi?

#13

Makumbusho makubwa karibu yote ni bure: British Museum, National Gallery, Tate Modern, Victoria and Albert Museum. Ukitaka kuuona mji kutoka juu kuna Sky Garden, bure ila unaomba nafasi mapema mtandaoni, wakati kule kwenye lile gurudumu la London Eye unaacha kama pauni 30.

Inayotuhusu, zipo mbili nilizosimama nikashindwa kuondoka.

British Museum kuna jiwe la Olduvai. Ni dogo, linajaa kiganjani, limechongwa pande mbili likapata makali, umri wake kama miaka milioni 1.8, ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyomo katika jumba lile zima. Watu wanapita mbio kwenda kwa maiti zilizokaushwa za Misri. Mimi nimesoma Arusha, Olduvai tulipelekwa na shule, nikasimama pale nikaangalia kipande cha karatasi kimeandikwa Tanzania, nikapiga picha nikamtumia mwalimu wangu wa historia.

Ya pili ni Westminster Abbey. Kuingia kutalii ni hela nyingi, lakini ibada ni bure, mtu yeyote anaingia, mimi nilikwenda ibada ya jioni. Katikati ya ukumbi sakafuni kuna jiwe jeusi la kaburi la David Livingstone. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaukausha mwili wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, ukapelekwa Zanzibar, ukafika London ukazikwa Aprili 1874. Jiwe linasema aliletwa na mikono miaminifu kupita nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hayapo. Waliokwenda Bagamoyo wakauona ule mnara wa kanisa alipolazwa usiku ule, mkifika pale sakafuni mtakuwa mmeona ncha zote mbili za safari. Niliwataja kwa majina kimoyomoyo, Chuma, Susi, na Jacob Wainwright aliyeusindikiza mwili mpaka mazishini.

#14

Umenigusa mkuu. Mimi naenda Desemba 20 mpaka 28, baridi nitaiweza? Na kuna lolote la kujua kuhusu Krismasi?

#15

Baridi utaiweza ukivaa tabaka tabaka, fulana, sweta, koti lisilopitisha maji, maana ndani ya maduka na treni kuna joto mpaka unatoka jasho, lazima uweze kuvua. Koti zito usilinunue kwa bei mbaya hapa, maduka ya mitumba ya hisani kule yana makoti mazuri kwa pauni 15 au 20. Maji kunywa ya bomba, ni salama, beba chupa ujaze.

Krismasi ni muhimu sana, nashukuru umeuliza: tarehe 25 Desemba hakuna treni wala basi, mji mzima, siku nzima. Maduka makubwa nayo yanafungwa kisheria. Nunua chakula tarehe 24 mapema, usipange ndege siku hiyo kama huna wa kukupeleka, na fikia mahali ambapo unaweza kutoka kwa miguu ukaona kitu. Binamu yangu siku hiyo anatembea na familia kando ya mto upande wa kusini, kutoka daraja la Westminster mpaka Tower Bridge, kama kilomita 4, anasema ndiyo siku pekee unasikia maji ya Thames yakigonga ukuta. Vaa viatu ambavyo miguu yako imeshavizoea, vipya acha nyumbani.